Safu ya Nne

Daftari ni la shule, jalada la buluu. Limekaa
chini ya kiti changu miaka kumi na mitano
likinuka petroli na maganda ya machungwa.
Safu tatu nilizichora kwa rula: kilomita, lita, jawabu.
Ya nne aliichora Eirlys, kwa mkono mtupu, imepinda,
akiwa na miaka minane, akaandika juu yake: KWA NINI.

Tangu hapo yeye ndiye mgawanyaji.
Mimi najaza tangi hadi pampu ikate yenyewe, si tone zaidi,
pampu ileile, pale Garayalde, upande uleule wa kibanda,
pua ya gari ikielekea kusini; naye ameshachonga penseli.
Kutoka Trelew mia moja na tisini, kwa kumi na saba nukta nne.
"Kumi nukta tisa, baba. Aibu."
Kwa nini: upepo wa magharibi.
Kwa nini: keria juu ya paa,
na juu ya keria godoro la shangazi.

Tukashusha keria. Tukapima hewa ya matairi alfajiri,
lami ikiwa bado haijayapasha moto. Tukatoa kwenye buti
jeki ya pili, minyororo ya theluji tuliyoibeba hadi kiangazi,
na jiwe ambalo hakuna aliyekumbuka tuliliokota wapi.
Nikajifunza kuachia kanyagio kabla ya mteremko,
gari lishuke kwa uzito wake,
nisishindane na malori ya sufu.
Haydée, kiti cha nyuma, miguu juu ya kikapu, akasema:
"Delfor, umeokoa lita mbili, umetupotezea saa nzima.
Hiyo saa inauzwa pampu gani?"
Sikuwa na la kujibu. Safu ya tano haikuwepo.

Kumi na moja nukta saba. Kumi na mbili. Kumi na mbili nukta nne.
Watu husema njia ile haina cha kutazama:
vichaka vyenye mvi, uzio, guanako mmoja, uzio.
Sisi tulikuwa tukitazama nukta.

Kisha Machi ile, masanduku yake matatu nyuma,
baiskeli, sufuria, mto wa kulalia;
kazi mpya, Río Gallegos, maabara ya maji.
Gari zito, upepo wa uso. Kwa kila hesabu tuliyowahi kuandika
tungeshukuru kupata kumi na moja.
Malori yakatupita. Basi likatupita likipiga honi.
Mzee mmoja mwenye trela la kondoo akatupita,
akageuka kututazama kana kwamba tumeharibikiwa.
Eirlys hakusema kitu. Alimenya chungwa,
ganda moja refu, bila kulikata.
Garayalde akagawanya. Akagawanya tena.
Kumi na tano nukta mbili.
Haijawahi kutokea. Haijatokea tena.
Akashika penseli juu ya safu yake iliyopinda,
akanitazama; nami nikatazama kioo cha mbele,
wadudu waliofia pale.
Akalifunga daftari.

Kurudi nilikuwa na upepo mgongoni na gari tupu.
Tisa nukta nane.
Nami sikuandika kwa nini.

Jumapili hupiga simu. Haanzi kwa salamu, ni mwanangu huyo.
"Hewa ya matairi?"
"Thelathini na mbili," namwambia,
nimesimama dirishani na soksi moja.
Gari liko nje, sijaligusa tangu Pasaka,
na tairi la nyuma, kushoto,
limeanza kuchuchumaa.